Eda Bwenini

Mwezi uliopita tuliitana Garissa, sisi tuliosalia wa darasa letu la chuo cha ualimu. Tulikula mbuzi na wali hotelini, tukadanganyana kwamba hatujazeeka, kisha mmoja akatoa wazo tukakitazame chuo. Mimi sikutaka. Nilikwenda kwa sababu Wanza alinishika mkono, na Wanza akikushika mkono huna la kufanya. Langoni vijana walikuwa wakiingia na kutoka kama sokoni, hakuna anayewauliza watokako wala waendako. Mkufunzi kijana aliyetupokea alituketisha ukumbini, akatueleza kwa majivuno kwamba siku hizi wanafunzi hulala wanakotaka, wengi wamepanga vyumba mjini, na mahudhurio huchukuliwa kwa kubonyeza kidole kwenye kimashine ukutani. "Ni watu wazima, mama," akaniambia. "Wanajisimamia." Wenzangu wakapiga makofi. Mara kengele ikalia, kengele tu ya kubadilisha vipindi, na mimi, mwalimu mstaafu, bibi mwenye wajukuu, nikajikuta nimesimama wima, mikono ubavuni, moyo ukinienda mbio. Wanza alicheka hadi akashika mbavu. "Habiba, keti. Hakuna anayekuita." Nikaketi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba nilipoingia chuoni hapo, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimefundisha Hadado, kwetu Wajir, bila cheti, na nilikuwa na mume, Noor, dereva wa lori. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Darasani kwetu mimi hata sikuwa mkubwa. Kulikuwa na mzee mmoja wa Eldas, ana wake wawili na ndevu zilizotiwa hina, naye pia alitakiwa kunyoosha mkono akitaka kwenda msalani. Mkuu wa chuo, Bwana Mutisya, mtu wa Kitui, mrefu, mkavu, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka, alitwambia siku ya kwanza: "Hapa hakuna mzee, hakuna mama. Hapa kuna mwanafunzi." Basi majina yaliitwa asubuhi kwenye paredi, yakaitwa kila kipindi, yakaitwa tena jioni mlangoni mwa bweni. Kila mtu alilala ndani, awe na mke mjini, awe na mtoto anayenyonya. Aliyekosekana wiki mbili mfululizo, kwa sababu yoyote ile, nafasi yake alipewa mwingine. Kutoka nje ya lango hata kununua sabuni kulihitaji ruhusa, ruhusa ikahitaji sababu, na sababu ikahitaji mlezi wa kuithibitisha. Mlezi! Mzee wa Eldas alipoambiwa alete mlezi wake, aliuliza kwa upole kama wangekubali mwanawe wa kwanza, ambaye alikuwa askari.

Tulicheka, lakini tuliogopa. Hilo vijana wa leo hawalielewi. Mtu aliyeamua kesi za visima na ngamia kwao alikimbia akisikia kengele, kanzu imeshikwa mkononi, kwa sababu cheti kile ndicho kilichotenganisha mwalimu na kibarua. Bweni letu la wanawake lilikuwa chumba kirefu cha bati, vitanda vya chuma vya ghorofa, na kati ya kitanda na kitanda tulitundika leso ili mtu apate pa kubadilishia nguo. Mimi nililala chini, Wanza juu. Yeye alikuwa mwalimu kutoka Mwingi, Mkristo, mwenye sauti ya kuimba na tumbo lisilochagua. Mchana tulipewa githeri, jioni ugali na sukuma wiki, na sisi wa Wajir tuliyatazama yale majani kwa huzuni. "Haya ni chakula cha mbuzi," nilimwambia. "Na wewe unakula mbuzi," akanijibu, "kwa hiyo unayala tu, umeyapitisha njia ndefu." Aliimaliza sahani yake, akaimaliza na yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa Mei, tumepanga foleni ya chakula cha mchana, nami nina sahani mkononi. Nyuma ya kidirisha cha jikoni wapishi wawili walikuwa wakizungumza huku wanapakua. "Lori la Wajir limepigwa juzi." "Majangili?" "Na nani mwingine? Utingo amepona, alilala kichakani hadi asubuhi. Dereva ndiye amekufa. Wamemzika huko huko." "Dereva nani?" "Yule kijana wa Hadado. Noor." Zamu yangu ikafika. Nilisogeza sahani, nikapakuliwa githeri, nikasema asante, nikatembea hadi mezani na kuketi. Wanza akaniuliza mbona sili. Nikamwambia, "Noor amekufa," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja saa. Kisha ikanitoka sauti nyingine ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

Watu hudhani kilio ndicho kinachotangulia. Kwangu ilitangulia hofu, na naisema hivi hivi bila kuipamba. Nilimpenda Noor, na hata leo nikisikia lori likibadilisha gia mlimani natega sikio. Lakini jioni ile, Wanza akinipangusa uso kwa kitambaa cha maji, mimi nilikuwa naona jambo moja tu. Mjane kwetu hukaa eda miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba, hatoki ila kwa haja. Shemeji yangu Abdullahi, kaka mkubwa wa Noor, angekuja kunichukua nikakae eda Hadado kwa mama yao. Chuo kingengoja wiki mbili tu. Na eda ikiisha kuna desturi yetu, dumaal, ndugu wa marehemu humwoa mjane ili asitoke katika ukoo. Yaani ningeingia eda nimepoteza chuo, na kutoka eda ningekuwa mke wa Abdullahi. Sikumchukia. Alikuwa mtu wa swala tano, mkarimu, hana mdomo mchafu. Nilimwogopa. Aliwahi kumwambia Noor mbele yangu kwamba mwanamke akisoma kupita kiasi huanza kujibu, na Noor akacheka, na mimi nikachukua vikombe nikatoka.

Kesho yake niliitwa ofisini, nikaketi kwenye benchi la nje nikingoja. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Naibu wa mkuu alikuwa akinitetea. "Mpe hiyo miezi minne, Mwalimu. Ni dini yao." "Nikimpa huyu, kesho nitamnyima nani?" Bwana Mutisya alimjibu. "Wote hapa ni watu wazima. Kila mtu mzima ana msiba wake, ana shamba lake, ana mgonjwa wake. Nikianza kusikiliza, darasa litabaki na madawati." "Ni mjane." "Ni mwanafunzi." Nilipoingia alinipa pole, na nadhani pole ile ilitoka moyoni, kisha akaniambia nina wiki mbili. Nikaomba ruhusa moja tu, kwenda kwa sheikh mjini. Akaniruhusu, nisindikizwe na Wanza.

Sheikh alikuwa mzee mwenye kikohozi, akikaa nyuma ya msikiti mdogo karibu na soko la mifugo. Mkewe alitukaribisha uani, akatuletea chai ya maziwa ya ngamia, na Wanza, ambaye hakuwahi kuionja, akainywa yote kwa heshima huku macho yamemtoka. Nilimweleza sheikh kwa Kisomali, nikilia, nikitarajia aniambie nifunge mizigo yangu. Yeye akaanza kuniuliza maswali. "Mumeo alipofariki, wewe ulikuwa unalala wapi?"

"Chuoni, Sheikh. Bwenini."

"Kwa idhini yake?"

"Yeye ndiye aliyenileta. Sanduku langu alilibeba yeye."

"Una nyumba nyingine hapa mjini? Hadado?"

"Sina. Ile ya Hadado tulikuwa tumepanga, tukairudisha."

Alichezea tasbihi kidogo. "Basi kitanda hicho ndicho nyumba yako," akasema. "Eda hukaliwa pale msiba ulipokukuta. Mchana toka kwa haja, na masomo yako ni haja. Jua likizama uwe ndani, usijipambe, usijitie manukato, mpaka muda utimie." Nilimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Na wakikataa, Sheikh?" "Wakikataa akina nani? Ndugu wa mume, au wakubwa wa chuo?" "Wote." Alicheka, kikohozi kikamkatiza. "Hao wakubwa wa chuo si ndio wanaokulazimisha ulale ndani kila siku? Hao ni wenzangu." Yarabi! Mwaka mzima nilikuwa nimeilaani sheria ile. Nilitoka pale nikitembea haraka hivi kwamba Wanza akanivuta shela, akaniuliza kama tumefukuzwa.

Abdullahi alifika siku ya tatu. Alikuwa ameshapitia kwa sheikh, na uso wake ulionyesha. Alisimama ofisini kwa Bwana Mutisya, vumbi la safari begani, akasema Kiswahili chake cha sokoni. "Bwana mukubwa, mimi nimekuja kuchukua mke ya ndugu yangu. Sasa sheikh anasema hii kitanda ya serikali ni nyumba. Mimi siwezi kubinga sheikh." Bwana Mutisya hakujua habari yoyote ya eda zaidi ya jina, lakini neno moja alilielewa. "Analala ndani?" akauliza. "Kila siku?" Nikasema ndiyo. "Na darasani anaingia?" Nikasema ndiyo. "Basi mimi sina neno." Abdullahi akanigeukia, akasema kwa Kisomali, polepole, bila hasira, na hapo ndipo niliposhikwa na baridi: "Kaa eda yako. Ikiisha nitakuja. Mama ameshakutengea chumba." Kisha akamwambia mkuu, "Muweke fizuri," kama mtu anayeacha mali ghalani, akatoka.

Nikakaa eda bwenini, na sidhani chuo kile kilikuwa kimewahi kuona jambo kama lile. Kwenye paredi wote walivaa sare ya kijani na mimi peke yangu nyeupe tupu. Siku ya kwanza Bwana Mutisya alisimama mbele yangu muda mrefu. "Sare?" "Eda, Mwalimu." Akatazama nguo, akatazama miguu, akasema, "Iwe safi," akapita. Wakati wenzangu wanasoma jioni madarasani, mimi nilisoma kitandani, na mkufunzi wa zamu alikuja dirishani kuita, "Habiba Issack!" nami nikajibu, "Nipo," kutoka nyuma ya leso. Wanza, kwa kunihurumia, aliniletea siku moja chupa ya mafuta ya waridi, akakaribia kunipaka kichwani. Niliruka kama nimemwona nyoka. Maskini, alidhani nimemkataa yeye, akanuna hadi nilipomweleza, kisha akahamisha sabuni yake yenye harufu, akaiweka kitanda cha mbali, akawaamrisha na wengine. Bweni zima likaanza kuoga kwa sabuni ya kufulia kwa ajili yangu. Kila gari lililosimama langoni lilinikata maini. Kadiri muda wa eda ulivyopungua ndivyo usingizi ulivyonikimbia, na chakula kikawa hakipiti.

Agosti chuo kilifungwa. Sheria ilikuwa wazi, likizoni hakuna mwanafunzi kubaki. Nilikwenda kwa Bwana Mutisya nikiwa na roho mkononi, nikamwambia eda yangu haijaisha na nyumba yangu ndiyo ile. Alitazama nje dirishani. "Wakati wa likizo chuo hakina mwanafunzi," akasema, nami nikaona mwisho wangu umefika. Akafungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo. "Kwa hiyo hakuna mtu wa kukuita jina, wala sina sheria juu yako. Mke wa bawabu atakuletea maji. Usivunje kitu." Nikakaa mwezi mzima katika chumba kile kirefu, magodoro yamekunjwa, leso zimeondolewa, fisi wakilia upande wa mto kabla hata jua halijapotea. Hakuna aliyenihesabu. Nilikuwa nimeitamani hali hiyo tangu siku ya kwanza, na ilipokuja niliona hofu nyingine: kwamba nikifa pale, itapita siku nzima kabla mtu hajajua. Jioni moja nilijiita mwenyewe kwa sauti, "Habiba Issack," nikajiitikia, nikaona haya, nikacheka, nikalia. Yule mkufunzi kijana aliposema kwamba watu wazima wanajisimamia, nilitaka kumwambia kwamba kusimama peke yako kunatisha, na asiwadanganye watoto wa watu kwamba ni raha tu.

Eda iliisha mwezi wa Oktoba. Nilioga, nikavaa sare ya kijani, na kabla kipindi cha pili hakijaisha nikaitwa ofisini. Nilijua. Abdullahi alikuwa ameketi, amevaa koti jipya, bakora kati ya magoti, ananukia udi. "Mlezi wako amekuja," Bwana Mutisya akasema. "Anasema unaolewa, na kwamba unaacha chuo leo." "Gari iko nje," Abdullahi akasema. "Achukue nguo yake, twende. Mama anangojea." Nikatazama uso wa mkuu. Kwenye faili langu mlezi alikuwa Noor, Noor amekufa, na huyu ni kaka yake. Kwa sheria zake mwenyewe alipaswa kunikabidhi kama mzigo. Na mimi ulimi uligoma. Msichana kwetu akiulizwa habari ya ndoa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa ni ndiyo. Mjane sharti aseme mwenyewe. Nilijua hivyo, na Abdullahi alijua. Lakini kimya changu kikazidi kurefuka mpaka Abdullahi akashika bakora, akainuka. "Amekubali," akasema.

"Hajasema kitu," Bwana Mutisya akamwambia.

"Hakuna mtu ameuliza yeye."

"Basi mimi namuuliza." Akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ile ile, haipandi wala haishuki. "Unataka nini?"

Akangoja. Sikumbuki mkubwa yeyote kabla ya hapo aliyeniuliza swali hilo kisha akangoja jibu. "Sitaki," nikasema. Ilitoka kama kikohozi. Nikaona haitoshi, nikairudia kwa Kisomali, nikimtazama Abdullahi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya: "Sitaki kuolewa na wewe, shemeji. Nataka kumaliza masomo yangu." Alisimama pale na nikangoja kofi, au laana. Badala yake macho yalimlowa. "Nilitaka mji wa ndugu yangu usizime," akasema. "Ukitoka kwetu, Habiba, umetoka." Alimpa mkono Bwana Mutisya, akaondoka bila kunitazama. Na kweli nilikuwa nimetoka. Boma lile sijalikanyaga tena. Mama mkwe, aliyenipenda kama binti yake, alifariki bila kuniona. Baadaye niliolewa na mtu niliyemchagua, nikazaa, nikafundisha hadi kustaafu, lakini bei ilikuwa hiyo na siwezi kusema ilikuwa ndogo.

"Kipindi chako kinaendelea," Bwana Mutisya akaniambia, akainamia makaratasi yake. Hakunipa ruhusa ya maandishi, nami sikuthubutu kuomba. Nikarudi darasani nikijishikilia ukuta. Mkufunzi wa hesabu, aliyekuwa hajui lolote, alinikatiza mlangoni. "Umechelewa. Nani amekuruhusu kutembea saa hizi?" Darasa lote likanitazama, Wanza ameziba mdomo kwa mkono. "Mimi mwenyewe," nikasema. Akadhani ninamfanyia jeuri. Akanipa adhabu ya wachelewaji, kumwagilia miarobaini yote ya uani mpaka kengele. Nikachukua ndoo, nikaenda bombani. Nusu ya maji ilimwagika njiani, kwa sababu nilidhani Abdullahi bado yuko langoni, na kwa sababu nilikuwa nimeanza kuyaona maisha yote yaliyokuwa mbele yangu, ambayo hakuna mtu angeniandikia ruhusa yake. Nikamwagilia mti wa kwanza, nikarudi kujaza ndoo.